Piano Niliyoihukumu Kuwa Kuni

Nilistaafu mwezi uliopita. Pale karakana walinipa keki, saa ya ukutani na kiti cha plastiki chenye mikono ya kuegemea, nadhani wakiwa na maana kwamba nikae niitazame saa. Hotuba zilikuwa nzuri. Aliyesoma wasifu wangu alisema kwamba katika miaka yote ya kazi sikuwahi kukosea kuhukumu piano. Watu wakapiga makofi, mimi nikainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu, kumbe nilikuwa natafuta pa kuuficha uso.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki na zana zangu, na hasa kwa Neema, ambaye keki ikiwa bado haijakatwa alinisogezea simu yake na kuniambia, "Babu Melkiori, niambie ukweli kabla hujaondoka. Piano bora kuliko zote ni ya kampuni gani? Hapa nina orodha tatu na hazielewani." Nilivaa miwani nikatazama. Kampuni iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha moja ilikuwa ya sita kwenye nyingine, na kwenye ile ya tatu haikuwepo kabisa, kana kwamba imehamia Dodoma. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ni refu, Neema, kwa sababu limebeba aibu ya mtu mzima.

Niliingia karakana kama seremala wa madawati. Siku ya kwanza nilitumwa chumba cha nyuma kuchukua gundi, nikakuta humo kabati kubwa jeusi. Kwa kuwa nilikuwa kijana wa kujituma, nikaamua kulikagua. Nilitafuta milango nikakosa. Nikafunua mfuniko mdogo wa mbele, nikaona safu ya meno meupe na meusi, nikaufunga haraka. Nilirudi nikaripoti kwamba kule nyuma kuna kabati bovu ambalo fundi alisahau kuliwekea milango na rafu zake zote amezibana mahali pamoja.

Niliyemripotia alikuwa Bruda Alfonsi, mtawa wa Kipogoro kutoka Mahenge, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Ndiye aliyekuwa fundi pekee wa piano tuliyemjua huku kwetu. Hakucheka hata kidogo. Kicheko chake alikiweka akiba, akakitoa miaka mingi baadaye mbele ya wageni, nikiwa nimeshaanza kujiona mtaalamu. Lakini siku ile alinishika bega tu, akanirudisha chumba cha nyuma, akaliondolea ubao wa mbele lile kabati langu. Niliona nyaya zaidi ya mia mbili zimevutwa kwenye fremu ya chuma, na nyundo ndogo zenye sufi zimejipanga zikisubiri kupiga. Nilisahau gundi. Aliyenituma aliipata kesho yake.

Bruda alinifundisha kwa maneno manne, na aliyarudia mpaka nikawa nayasikia usingizini: piga, sikiliza, fungua, nusa. Halafu aliongeza, "Jina la kampuni utasoma mwisho, tena ukiwa umekaa."

Kupiga ni kupiga vibao vyote, kimoja kimoja, kwa nguvu na kwa upole, maana kuna kibao kinachofanya kazi ukikitisha na kugoma ukikibembeleza. Kusikiliza ni kupiga sauti moja na kuiacha ife yenyewe, ukihesabu inachukua muda gani. Sauti inayokufa mapema ina ugonjwa. Kufungua ni kuondoa mbao za juu na za chini, kushika tochi, kutazama kama ubao mpana wa nyuma unaokuza sauti umepasuka, na kuweka ufunguo kwenye pini zinazoshikilia nyaya uone kama zinakaza au zinazunguka bure. Na kunusa ni kunusa kweli, kichwa kikiwa ndani. Ukungu una harufu yake, mkojo wa panya una yake, na gundi iliyokufa inanuka kama kwato. Kazi hiyo inakula asubuhi nzima na inakula shati.

Hali ya hewa yetu nayo ina vituko vyake. Wakati wa masika vibao vinavimba na kukwama, na kila mwenye piano anakuwa mganga. Mchungaji mmoja aliweka jiko la mkaa chini ya piano ili ikauke. Ilikauka vizuri sana, ikapasuka kuanzia juu hadi chini, naye akaniuliza kama ipo gundi ya kutosha. Kwa masista fulani niliitwa kwa sababu sauti moja ilikuwa ikilia kama kuku anayetaga. Nikatoa ndani yake rozari, kijiko na meno ya bandia. Mwenye meno hakujitokeza.

Bruda Alfonsi akafariki. Nililia, na nilistahili kulia kuliko nilivyojua wakati huo, kwa sababu baada yake hapakuwa na mtu wa kunitazama nikifanya kazi. Haukupita muda, mgeni mmoja akasahau jarida la kigeni pale karakana. Ndani yake kulikuwa na ukurasa mmoja uliopanga kampuni zote za piano duniani katika madaraja manne, bora juu, hafifu chini. Niliukata kwa wembe. Nikaupeleka Msamvu, pale karibu na stendi wanapotoa fotokopi, wakauwekea plastiki. Tangu siku hiyo nilitembea nao mfukoni mwa begi kama askari na kitambulisho.

Nitawaambia kwa nini niliupenda. Njia ya Bruda inachukua asubuhi nzima, ukurasa ule unachukua muda wa kikombe cha chai. Unaingia, unasoma jina kwenye piano, unatelezesha kidole kwenye plastiki, unasema "daraja la pili" kwa sauti ya chini kidogo, na watu wanatazamana kwa heshima. Shati linabaki safi. Nilianza hata kuvaa tai.

Ndipo nikaitwa kwenye chuo kimoja cha ualimu, upande wa Mlali, pale mlima unapoanza kupanda. Kamati yao ya kuondosha mali chakavu ilikuwa inashughulikia viti vilivyovunjika, mashine za kuchapa zilizoota kutu, na piano moja. Kwa piano ilihitajika barua ya mtaalamu, na mtaalamu nilikuwa mimi, jambo ambalo sikuwaficha. Ilikuwa kwenye darasa la muziki la Mwalimu Zuhura, mama wa Kiluguru kutoka Kinole, mwembamba, mwenye ushungi uliojaa vumbi la chaki. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wale watakaokwenda kufundisha watoto wadogo wajue kuimba, kupatia sauti na kumwongoza mtoto asiyejua. Alinisubiri mlangoni.

"Fundi, karibu. Nikwambie kabla hujaingia," alisema. "Ukiipitisha hii, darasa linabaki. Ukiikataa, chumba wanakichukua na somo langu limekwisha. Kwa hiyo nakuomba uiangalie vizuri."

Sasa sikieni nilivyoiangalia vizuri. Nilipiga vibao vitatu nikiwa nimesimama, begi begani. Vilikuwa vimelegea sauti kidogo, kama piano yoyote isiyoguswa miaka kadhaa. Nikatafuta jina. Mahali pa jina, mtunza stoo wa zamani alikuwa amepaka namba ya mali ya serikali kwa rangi nyeupe, kubwa, kama ile inayopakwa kwenye madawati. Nikatoa ukurasa wangu, nikapitisha kidole madaraja yote manne nikitafuta kitu ambacho nilijua hakipo. Nje, kamati ilikuwa imeniandalia supu ya mbuzi, na harufu yake ilikuwa imeshaingia darasani.

"Hujaifungua," akasema Mwalimu Zuhura.

"Mwalimu, daktari mzoefu humjua mgonjwa akiwa bado mlangoni."

Mkono wangu unakataa kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo nilivyosema. Alinitazama, kisha akarudia taratibu, kama mtu anayemrudishia mtoto hesabu aliyokosa, "Lakini hujaifungua, Fundi."

Nikamwonyesha ukurasa wa plastiki. Nikaenda kunywa supu. Baada ya supu nikaandika barua: "Aina: haijulikani. Daraja: haina. Nimeikagua kikamilifu. Haifai kutengenezwa. Inafaa kuni." Nikagonga muhuri mara mbili, wa pili kwa ajili ya uzuri.

Miaka iliyofuata nilipata umaarufu, na umaarufu ukanipa wazo baya zaidi. Niliandaa orodha yangu mwenyewe: piano bora za mkoa wa Morogoro, kuanzia namba moja. Niliibandika ukutani pale karakana, na wengi wenu mliikuta. Msichojua ni jinsi ilivyopangwa. Wanakwaya walianza kunisimamisha njiani, "Shikamoo mzee, mwaka huu sisi tuko namba ngapi?" Parokia moja ilitoka namba tano hadi namba tatu baada ya kunipikia pilau, na sikuwa nimegusa hata pini moja. Shule moja ilishuka kwa sababu mkuu wake alinikaribisha chai bila vitafunwa. Nilijiambia kwamba mahali wanapomtunza mgeni hawashindwi kuitunza piano. Nawaapia nililiamini jambo hilo.

Namba moja haikubadilika kwa miaka mingi. Ilikuwa piano inayong'aa katika ukumbi mmoja hapa mjini, yenye jina lililokuwa juu kabisa ya daraja la kwanza kwenye plastiki yangu. Tatizo lake ni kwamba haikukaa kwenye sauti hata mwezi. Niliitengeneza, ikalegea. Nikalaumu mvua, nikalaumu watoto, nikalaumu feni ya ukumbini, na mara moja nilimtaja shetani. Mwishoni, kwa kukosa wa kumlaumu, niliondoa ubao wa chini nikaingiza kichwa kama nilivyofundishwa. Mbao zilikuwa za vumbi la mti lililogandamizwa. Kwenye fremu ya chuma kulikuwa na alama ya kiwanda kingine kabisa, cha nchi nyingine. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni jambo la kawaida: kampuni ya zamani hufa, jina lake likauzwa, na aliyelinunua akalibandika juu ya chochote anachotengeneza. Jina linahama lakini mikono iliyolijenga hainunuliki.

Siku hiyo hiyo niliutazama upya ule ukurasa. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Sikuwahi kuisoma kwa sababu pale Msamvu plastiki iliachwa na kiputo cha hewa juu yake hasa. Niliuinamisha ukurasa kwenye mwanga nikasoma: mpangilio huo ulihusu piano mpya tu, zilizokuwa zikiuzwa katika nchi ya jarida lile, kwa mwaka ule, kwa maoni ya wauzaji. Piano zetu hazikuwa mpya, hazikuwa huko, na wauzaji wale hawajui masika ni kitu gani. Mngetegemea nitoke hapo nikatangaze kosa langu. Niliishusha ile piano ya ukumbini hadi namba mbili. Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wote.

Mwaka huu, miezi michache kabla ya kustaafu, nilipigiwa simu na mwanamke. "Fundi Melkiori? Nasikia unaondoka kazini. Kuna piano huku Kinole, nataka uione kabla hujaweka zana chini." Sikuitambua sauti. Nilikodi pikipiki, nikapanda mlima nikiwa nimemkumbatia dereva kiunoni na begi likinipiga mgongoni, nikafika nimelowa ukungu na tai ikiwa begani. Mama mwenyeji alikuwa mzee wa makamo yangu, mwembamba, mwenye ushungi mweupe. Alinikaribisha, akauliza hali ya mjini, akanipa chai ya mdalasini. Sikumkumbuka, na yeye hakunikumbusha.

Piano ilikuwa sebuleni, imevikwa mbao mpya za mkangazi, kazi ya seremala wa huko huko. Nilizunguka mbele nikitafuta jina. Mkono ulikuwa umeshaenda kwenye mfuko wa begi.

"Jina haina," akasema. "Sasa utaanzia wapi?"

Nilisimama pale kama mtu aliyepokonywa fimbo. Halafu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza pale aliponianzishia Bruda. Nilipiga vibao vyote. Niliacha sauti zife zenyewe, na hazikutaka kufa. Nikafungua. Ubao wa nyuma ulikuwa mzima, hauna ufa hata mmoja. Pini zilishika ufunguo wangu kwa ukaidi ambao ni raha ya fundi. Vibao vilikuwa vimefungwa kwa skrubu ndogo za shaba, kazi ya mtu aliyejua kwamba piano ile inakwenda nchi ya joto ambako gundi peke yake haiaminiki. Nikaingiza kichwa nikanusa: karafuu. Mama yule alikuwa ameshona vifuko vidogo vya karafuu na kuvitundika ndani pembe zote, na nondo na panya hawakuthubutu. Machozi yalinitoka. Nilisema kwa sauti kwamba sijawahi kufungua piano nzuri kama hii mkoa mzima, na kwamba leo leo naiandika namba moja.

"Nani aliitengeneza?" nikauliza.

"Sijui, Fundi. Nilitegemea wewe uniambie, siku ile."

Akaingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki. Niliutambua mwandiko wangu kabla sijaisoma, na mihuri yangu miwili. Inafaa kuni. Nikakaa kwenye mkeka.

Mwalimu Zuhura hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alinisimulia tu. Barua yangu ilipopita, piano ilipelekwa jikoni kwa wapishi, na shoka likaletwa. Yeye akawaomba wamsubiri siku moja. Kesho yake aliteremsha kutoka Kinole mzigo mzima wa kuni za kweli, akawapa wapishi wabadilishane. Ndugu zake wakaipandisha mlimani kwa zamu. Mchwa walikuja kula mbao za nje, lakini ndani hawakufika. Jirani zake, wa kanisani na wa madrasa, wote wamejifunzia hapo.

"Na darasa?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Walilichukua. Mimi wakanipa ushonaji mpaka nikastaafu. Wanafunzi wangu wakaenda kufundisha watoto wadogo bila kujua kuanzisha wimbo. Hilo ndilo lililoniuma, Fundi, si kinanda." Akamimina chai. "Lakini sikukuita uje kulia hapa. Chuo kina mkuu mpya, anataka somo lirudi. Nimemwambia nitawarudishia chao. Akafungua faili akakuta barua yako. Mali iliyoandikwa kuni haipokeleki, wanasema, mpaka mtaalamu yule yule aandike tena."

Nikaomba kalamu upesi. Na hapa, Neema, ndipo uone mzee wako alivyo. Niliandika kwamba piano hii "imefanyiwa ukarabati mkubwa" na sasa inafaa. Ilikuwa barua ya ujanja. Ingeziacha barua zote mbili zikiwa za kweli, na mimi nikiwa msafi. Mwalimu Zuhura aliisoma, akanirudishia.

"Kilichobadilika ni mbao za nje tu. Andika kilichotokea."

Nilikunywa vikombe vitatu vya chai. Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa imekaribia, na nilishaonyeshwa wasifu utakaosomwa, ule wa mtu asiyekosea. Kila nilipoinua kalamu niliuona wasifu ule ukisomwa mbele yenu. Ukungu ulikuwa umeshaondoka mlimani nilipoandika: "Piano hii ni ile ile niliyoiandikia kuwa inafaa kuni. Ni nzima na ilikuwa nzima. Siku ile sikuifungua." Niligonga muhuri mara moja. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Ahsante, Fundi," na nilijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu, kisha nikajisikia mwepesi.

Kwa hiyo makofi yenu yalipolia ukumbini, barua hiyo ilikuwa tayari kwenye faili la chuo. Sikuwa na ujasiri wa kumkatiza msomaji wa wasifu. Ndiyo maana nawaandikia, na ile orodha ya ukutani naomba muibandue.

Wiki iliyopita piano iliteremka kutoka Kinole juu ya lori la ndizi, imefungwa kwa magodoro, Mwalimu Zuhura akiwa mbele na dereva. Nilikuwepo chuoni na ufunguo wangu, maana safari yoyote inalegeza nyaya. Wanafunzi waliibeba mpaka kwenye darasa lile lile, wakaiweka ukutani, wakasimama wakisubiri. Mtunza stoo, mama mmoja mwenye miwani, alikuja na daftari lake la mali na kopo la rangi nyeupe.

"Shikamoo mzee," aliniambia. "Hapa kwenye aina niandike nini?"

Mwalimu Zuhura alinitazama. Nikaweka begi chini, nikaondoa ubao wa mbele, nikampa mama yule tochi yangu, nikamwomba asogee.